Mjadala: "Mchawi" abaki au aondoke kwenye mchezo wetu wa Jumamosi?

Mleta mada (Nyegezi)

Wadau wa Mwanza, habari zenu. Kila Jumamosi saa tisa alasiri vijana tisa wa miaka 13 hadi 19 hukutana barazani kwangu kucheza mchezo wa kusimulia. Kwa asiyeujua: kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, mwamuzi anaeleza mahali walipo, wao wanasema wanafanya nini, na penye shaka dadu inaamua. Asili yake ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Sisi tunashika mtindo wa kale, si vitabu vipya vya bei kubwa. Tunatumia kitabu cha kanuni cha Basic Fantasy cha Chris Gonnerman, kilichotoka mwaka 2006 na ambacho mpaka leo kinapakuliwa bure. Nilichapa steshenari kurasa tunazozihitaji tu.

Dadu ya pande 20 sikuipata mjini. Nimeandika namba 1 hadi 20 kwenye vizibo vya soda, tunachota kutoka kwenye soksi. Hata TSR, kampuni iliyokuwa inautoa mchezo huo, ilipopungukiwa dadu mwaka 1979, iliweka vipande vya karatasi ngumu vyenye namba ndani ya boksi la mchezo.

Sasa shida. Wiki mbili zilizopita mzazi mmoja alikuja kumchukua mwanawe katikati ya mchezo. Alifika wakati kijana mmoja anasema kwa sauti, "Mimi ni mchawi, namlaza huyu mlinzi usingizi." Mama akasema hawezi kumwacha mtoto mahali ambapo watoto wanajiita wachawi. Hakugomba. Aliongea taratibu, na ndiyo maana maneno yake hayajanitoka. Jumamosi iliyofuata walikuja sita.

Mimi naona mchawi abaki. Pale mezani uwezo wake wote uko wazi: akiwa ngazi ya kwanza ana tamko moja tu la sihiri kwa siku, akilitumia limekwisha mpaka kesho. Hakuna siri wala ramli. Naamini mtoto aliyezoea kuuona uchawi kama hesabu kwenye karatasi hatautetemekea akiusikia mtaani. Lakini nataka kusikia kwa wenzangu kabla sijaamua.

Mama Igoma

Kaka, mimi si yule mzazi, ila ningefanya kama yeye.

Bibi yangu mzaa mama alihama kijiji chake, ng'ambo kule Sengerema, usiku, kwa sababu macho yake yalikuwa mekundu. Maisha yake yote alipikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kikavu, jiko halina dirisha. Mtoto wa jirani akafa, watu wakayatazama macho ya bibi. Alifika kwetu na kanga mbili na sufuria. Aliishi nasi miaka kumi na moja, na mgeni akibisha hodi alikuwa anaingia ndani kwanza.

Kwa hiyo neno hilo kwetu si jina la mtu wa hadithini. Ni hukumu. Nchi hii ina sheria ya uchawi tangu mwaka 1928. Mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyokuwa inalia kuliko kwingine. Unasema kwenye karatasi yote yako wazi. Mtoto akitoka barazani kwako karatasi anaiacha mezani, neno anaondoka nalo.

Fundi Mabatini

Mleta mada usitishike. Haya Wamarekani walishayapitia. Mama mmoja wa Virginia alifiwa na mwanawe mwaka 1982, akaamini mchezo ndio uliomuua, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha kuupinga. Makanisa yakaingia, televisheni zikaingia. Mwaka 1989 TSR walipotoa toleo la pili la kanuni zao wakafuta majina ya mashetani, baadaye wakawarudisha viumbe walewale kwa majina ya kubuni, baatezu na tanar'ri. Toleo la mwaka 2000 likarudisha na majina yenyewe. Watu walicheza vilevile miaka yote hiyo. Leo utafuta mchawi, kesho utaambiwa umfute kuhani, keshokutwa mizimu. Utaishia wapi, mkuu?

Mama Igoma

Fundi, yule mama wa Virginia aliogopa kitu ambacho hakikuwepo. Bibi yangu alikuwepo.

Fundi Mabatini

Hapo sina jibu, mama. Pole sana. Naondoa nilichosema kuhusu kutotishika.

Mwalimu wa Kiswahili (Kirumba)

Naomba niseme kama mtu wa lugha. Mnagombana juu ya tafsiri mbovu.

Vijitabu vya kwanza vya mchezo huu, vya mwaka 1974, vilikuwa na watu wa aina tatu: mpiganaji, kuhani, na wa tatu ambaye jina lake, ukilifuata neno kwa neno, ni "mtumia sihiri". Hakuitwa mchawi. Kiingereza kina neno lake la mchawi tunayemwogopa sisi, na waandishi hawakulitumia hapo. Aliyesema "mchawi" ni sisi, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na ulimi. Kwa Kiswahili mchawi hana upande mwema. Huwezi kusema "mchawi mzuri" ukaeleweka, labda kwenye katuni. Vijitabu vilevile vinamwita msimamizi wa mchezo mwamuzi, na hilo mleta mada amelipata vizuri. Na hili lingine alitafute kwa bidii ileile.

Pendekezo langu ni "msomi". Tazama mhusika mwenyewe anavyoishi: hawezi kuvaa deraya, mwili dhaifu, nguvu zake zote zimo kitabuni, na kila akishatumia tamko lazima akae arudie kulisoma. Huyo ni mwanafunzi wa bweni wiki ya mtihani! Kijana aseme "mimi ni msomi" na hakuna mzazi atakayeruka.

Mwanafunzi (Nyegezi)

Kwa nini tusitumie Kisukuma? Nfumu. Tungejivunia.

Mzee wa Kisesa

Hapana, mjukuu wangu. Nfumu na nogi ni watu wawili tofauti, mmoja anatibu na mwingine anaroga, na imechukua muda mrefu watu wa mjini kuacha kuwachanganya. Nfumu ni kazi ya mtu, ana jina na ukoo. Usimweke kwenye mchezo halafu ang'atwe na panya afe dakika ya kumi.

Lakini sitaki mama adhani wazee wote tunaogopa mambo haya kuchezwa. Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, uulize habari za vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu. Ngoma zile zilianza kwa mashindano ya watu wawili, Ngika na Gumha, kila mmoja akidai dawa yake ina nguvu zaidi. Wakaamua kucheza, na aliyevuta watu wengi ndiye aliyehesabiwa kashinda. Mpaka leo tunacheza mbele ya watoto mchana kweupe. Tofauti ni kwamba pale kila mtu anamjua anayecheza, anajua na ngoma ni ya nani.

Mwanafunzi (Nyegezi)

Shikamoo mzee, nimekuelewa, nfumu naliacha. Basi nitoe njia nyingine, maana kuna michezo ya kale isiyo na shida hii kabisa.

Kuna Traveller, ya Marc Miller, mwaka 1977. Hakuna sihiri, ni safari za anga. Unaweza kuwa na meli ya mkopo, unabeba mizigo toka sayari hadi sayari ukitafuta marejesho ya mwezi. Anayejua maisha ya mwenye boti wa kubeba dagaa toka Ukerewe mpaka Mwaloni ataushika siku moja. Na unahitaji dadu za pande 6 tu, za ludo, hakuna haja ya soksi.

Kuna pia Cairn, ya Yochai Gal, mwaka 2020, bure. Huo ndio naupigia kura. Hauna aina za watu. Hakuna msomi wala mchawi. Kuna vitabu, kila kimoja kina tamko moja, na yeyote aliyekibeba anaweza kukisoma. Kinachukua nafasi kwenye mzigo wako, na ukikisoma unapata uchovu unaochukua nafasi nyingine. Ukibeba uwezo mwingi hubaki na pa kuweka kamba wala chakula. Leseni yake inaruhusu kutafsiri mradi nawe tafsiri yako uiachie watu kwa masharti yaleyale.

Mama Igoma

Kwa hiyo ni mtu amebeba kitabu kizito.

Mwanafunzi (Nyegezi)

Ndiyo, mama. Basi.

Mchezaji

Naandika kwa simu ya dada. Mimi ndiye niliyesema ile siku. Samahani kwa yule mama na kwa mama Igoma, sikujua mambo ya bibi. Nilimchagua kwa sababu ni dhaifu kuliko wote lakini wenzake hawaendi popote bila yeye. Naweza kubadilisha jina. Ila naomba mhusika asifutwe, nimekaa naye tangu Januari.

Mama Igoma

Mwanangu, wewe hujakosa kitu. Sikusema ufutwe.

Mleta mada (Nyegezi)

Nilikuja na msimamo na naondoka bila huo. Nilidhani karatasi inatosha. Neno "mchawi" sitalitumia tena mezani, na nitamfuata yule mzazi nyumbani kwake nimweleze mwenyewe, sitamtumia ujumbe. "Msomi" tutalitumia kwa sasa. Cairn nimeipakua leo mchana, naanza kuitafsiri, na mwalimu nitakusumbua kwa maneno. Traveller isubiri likizo ya Juni.

Kijana, mhusika wako yuko palepale handakini, mlinzi bado amelala. Tunaanzia hapo. Mama Igoma, kama una nafasi Jumamosi, saa tisa, kiti kipo barazani.

Mama Igoma

Nitakuja na binti yangu. Tutakaa pembeni kwanza.