Chaja ya laptopu inachemka: orijino ya mtumba, kopi mpya, ya vichwa vingi au ya USB-C?

Stesheneri_Makorora
Habari za jioni wakuu. Nina laptopu ya mtumba hapa dukani, inachapa na kuskani kutwa. Boksi la chaja linachemka mpaka halishikiki, na joto hili la kaskazi ndiyo kabisa. Nimezunguka Tanga mjini nikapewa njia nne: chaja orijino iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa, kopi mpya ya bei chee, ile ya vichwa vingi yenye swichi ya kuchagua volti, au chaja ya USB-C na waya wa kugeuzia kichwa. Ipi ni salama? Duka limejaa karatasi, mnanielewa.

Fundi_Barabara_ya_Nane
Mkuu, kabla hujatoa hela, geuza mashine usome kibandiko chake, kisha usome cha chaja. Tuandikie volti na ampea. Na utwambie moto uko wapi: kwenye boksi, kwenye kichwa kinachoingia kwenye mashine, au kwenye plagi ya ukutani? Hayo ni magonjwa matatu tofauti.

Stesheneri_Makorora
Mashine: 19.5V, 3.33A. Chaja: 19.5V, 2.31A. Moto uko kwenye boksi, kichwa kina uvuguvugu tu.

Fundi_Barabara_ya_Nane
Basi jibu unalo. 19.5 mara 3.33 ni wati 65. Chaja yako ni wati 45. Aliyekuuzia alikupa chaja ya mashine nyingine, nayo inasukumwa mpaka kikomo chake tangu unafungua duka hadi unafunga. Lazima ichemke.

Volti sharti zilingane, na alama ya chanya na hasi kwenye kibandiko ilingane pia. Ampea za chaja zikizidi hazina neno, mashine huvuta inachohitaji tu. Zikipungua ndiyo hali yako.

Hata chaja nzima ina joto lake. Tuseme ufanisi wake ni asilimia 88: ili itoe wati 65 itavuta kama 74 ukutani, na zile 9 zinabaki ndani ya boksi. Halina feni hilo, linapoa kwa hewa inayopita juu yake. Ukilifukia kwenye rimu za karatasi au ukalilaza juu ya godoro, hewa itapita wapi?

Katika zako nne, mimi nachukua orijino ya mtumba ya wati 65, au 90 yenye volti zilezile.

Mzee_wa_Chumbageni
Fundi nakuheshimu, ila hapo sikubaliani nawe. Orijino ya mtumba imeshafanya kazi miaka huko ilikotoka, kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme ndani ya boksi, zimechoka. Kwa nini mtu anunue kitu kilichochakaa wakati kipya kipo?

Fundi_Barabara_ya_Nane
Shikamoo mzee. Kapasita huchoka kweli, na joto ndilo linaloziua. Lakini nimefungua kopi nyingi hapa mezani: ndani hamna vichujio, waya ni mwembamba, na ile nafasi inayotenganisha upande wa volti 230 na upande wa laptopu ni finyu mno. Kibandiko kimeandikwa 65, na kibandiko ni karatasi tu. Bora kilichochoka kidogo kuliko ambacho hakikuwahi kuwa kizima. Kopi yenye duka linalokupa risiti na waranti ya miezi, hiyo tunaweza kuijadili.

Halafu mashine nyingi za HP na Dell zina pini nyembamba katikati ya kichwa, ndiyo inayoieleza mashine kwamba chaja hii ni ya wati ngapi. Kopi mbovu ikishindwa hapo, Dell itawaka lakini betri haitachaji. Ya vichwa vingi nayo mara nyingi inakwama hapohapo, na swichi yake mtoto akiigusa umepandisha volti. Mimi siitaki dukani mwangu.

Binti_Pangani
Natumia ya USB-C kwa waya wa kugeuza, iko vizuri. Ila angalieni waya: wa kawaida ni ampea 3, kwa volti 20 hiyo ni wati 60, basi. Ukitaka 65 tafuta waya wa ampea 5. Na hizi chaja ndogo ndogo za kisasa ukizishika utaona zina joto kali kwa sababu umbo lenyewe dogo, msishtuke mapema.

Pwani_Raskazone
Kwa sisi wa karibu na bahari, tazameni kichwa. Hewa ya chumvi inakitia kutu ya kijani, mguso unakuwa mbaya, kinachemka pale pale kwenye tundu. Boksi kuwa na joto ni kazi yake, lakini kichwa au plagi ikiwa moto kuliko boksi, chomoa. Soketi iliyolegea vilevile, hata kama chaja ni mpya kabisa.

Mzee_wa_Chumbageni
Haya, nimewasikia. Na umeme ukikatika je? Ukirudi unarudi kwa kishindo.

Fundi_Barabara_ya_Nane
Chomoa ukikatika, urudishe taa zikishatulia dakika chache. Umeme ukiwa mdogo jioni chaja haifi, imeandikwa 100 hadi 240, ila inavuta ampea nyingi zaidi ukutani na kuchemka zaidi kidogo. Ikinuka plastiki, ikivimba au ikilia kama nyuki, usiisubiri. Na ikishika moto zima swichi kuu kwanza, maji usimwage.

Stesheneri_Makorora
Nimepata moja orijino, 19.5V 4.62A, muuzaji anasema ni ya wati 90. Kichwa kinaingia. Niichukue?

Fundi_Barabara_ya_Nane
Usiilipie bado. Beba mashine, ichomeke pale pale kwake betri ikiwa chini, fungua kazi nzito, kaeni nusu saa. Shika boksi, shika kichwa, shika plagi. Kunja waya pale unapotoka kwenye boksi uone kama chaji inakatika. Akikataa kukungoja nusu saa, ondoka.