Kibao cha mche: mubirizi au mwarobaini?

Ibanda (Bukavu, Kongo): Wauza miche wa Bukavu wanaandika "mwarobaini" kwenye kopo la mubirizi. Ni miti miwili tofauti! Mubirizi jani lake ni moja zima, maua meupe madogo yaliyofungana vichala. Mwarobaini asili yake India, jani limegawanyika vijani vyembamba vyenye meno. Unapenda joto: panda Uvira utasimama, huku Bukavu, mita 1,500 juu ya bahari, baridi inaudumaza. Kibao kiandikwe Mashi, lugha ya Bashi wa huku.

Birere (Goma): Kwa nini Mashi? Wanyarwanda nao husema umubirizi, na Bashi hawakuwakopesha. "Mwarobaini" ni jina la sokoni tu, eti unaponya magonjwa arobaini. Nani aliyahesabu? Kila jani chungu sasa linalitaka jina hilo.

Kenya-L'shi (Lubumbashi): Watu wa Kivu, mnagombania majani machungu na hata sombe, majani ya muhogo, mnaiacha na mabua.

Kadutu (Bukavu): Weye! Mabua ya nani? Ninyi ndio mnababua majani kwa maji moto kwanza, halafu mnatwanga. Muhogo una sumu ya sianidi. Ukitwanga mabichi, kimeng'enya cha jani lenyewe kinaivunja, inatoka. Ukibabua kwanza umekiua kimeng'enya, sumu imebaki imejifunga ndani.

Kenya-L'shi: Maji ya kubabulia tunayamwaga, mama. Sumu hiyo inayeyuka majini.

Kadutu: Sehemu tu. Tena mnafunika sufuria! Sianidi iliyoachiliwa inachemka kwenye nyuzijoto 26, ukiacha wazi inaondoka na mvuke. Twanga mpaka isiwe na nyuzi, osha, chemsha wazi, ndipo mawese na vitunguu.

Ibanda: Ndugu zangu, mimi niliuliza kibao.

Birere: Weka Kilatini, tumalize.

Ibanda: Kipi? Mubirizi, vitabu vya zamani *Vernonia amygdalina*, vipya *Gymnanthemum amygdalinum*. Na kenkina, mti wa kwinini, mnayoiona kwenye mashamba ya huku, Linnaeus aliiita *Cinchona* mwaka 1742 kwa heshima ya mke wa mtawala wa Peru, mtu wa Chinchón, akaangusha h. Wasomi wenyewe hao!

Birere: H moja haiuzi mche usio wake. Mteja akitaka mubirizi akapewa mwarobaini, atamwagilia mwaka mzima bure.

Kenya-L'shi: Mama Kadutu, na bikarbonati je? Huko kwenu mnaijaza.

Kadutu: Anayejaza ni mvivu wa mchi. Inalainisha haraka na kushika rangi ya kijani, lakini inaharibu vitamini, na ikizidi sombe inateleza na kuonja sabuni. Sasa niambie, puaro (liki) unatia kabla ya mawese au baada?