Naombeni ushauri: Texel au Oostvaardersplassen?

Wakuu habari zenu, mimi niko London, mwezi wa tano nina wikendi ndefu nataka niibuke Uholanzi kuangalia ndege (wa mabawa jamani, sio wa uwanja wa Schiphol). Wazo langu ni meli ya usiku Harwich mpaka Hoek van Holland halafu treni hadi Den Helder, pale feri ya kwenda kisiwa cha Texel ni kama dakika 20 tu, nakodi baiskeli naenda hifadhi ya De Slufter hapo kisiwani kuwatafuta domomwiko (spoonbill). Nimecheki ratiba naona muda mwingi unaishia njiani, wakati Oostvaardersplassen, hifadhi ya ardhi oevu yenye ndege wengi, iko karibu na Amsterdam. Kwa waliofika, Texel inalipa kwa siku mbili? Na darubini ya 8x42 (inakuza mara 8) inatosha au nibebe na teleskopu, maana ile ni mzigo kweli?