Naomba ushauri: spika za sebuleni zinazotoa mziki kama laivu

Habari zenu wakuu, niko Mwanza huku Bwiru, nimejichanga muda mrefu nataka spika za maana za kusikilizia dansi nyumbani. Jumamosi nilikaa karibu kabisa na jukwaa bendi inapiga, tarumbeta likilia unalisikia kifuani, toazi la dramu likigongwa unashtuka, nikarudi nyumbani nikawasha sabufa yangu yaani ni besi tu inavuma, mwimbaji kama kajifunika blanketi.

Kichwani nimebaki na mbili. Klipschorn, ile spika ya honi (sauti inatokea kwenye mdomo mpana kama wa tarumbeta) ya Marekani inayotengenezwa tangu 1946, naipendea haitaki wati nyingi, ila imeundwa ikae kwenye kona na kona yangu moja ina mlango. Nyingine KEF LS50 za Uingereza, ndogo, twita (kile kispika cha sauti nyembamba) iko katikati ya koni ya spika kubwa, ila naogopa tarumbeta litasikika dogo.

Sebule ni mita 5 kwa 6, chini marumaru, madirisha makubwa upande wa ziwa, ukipiga kofi mwangwi unarudi. Nianze na zulia na mapazia mazito au spika? Aliyesikiliza honi kwenye chumba cha saizi hii aniambie ukweli jamani, hela hii siipati tena leo wala kesho.