Tipu Sultan: aliuzwa au alizidiwa?

Kijana wa Ngamiani: Wakuu, salaam. Babu yangu anashikilia kwamba ngome ya Tipu Sultan, mtawala wa Mysore kusini mwa India, kule Srirangapatna isingeanguka kama si waziri wake, Mir Sadiq, kula njama na Waingereza. Jamaa mmoja kazini anasema hizo ni porojo za kijiweni. Aliyewahi kufika huko atujuze.

Mla Ndimu: Mbona liko wazi? Mir Sadiq aliwaita askari wakachukue mshahara saa ileile ya shambulio, pengo la ukuta likabaki tupu. Ndivyo inavyosimuliwa mpaka leo.

Bi Msafiri: Nilisoma Mysore miaka mitatu. Srirangapatna ni kama kilomita 15 tu, karanga za basini haziishi umefika. Mwanangu, kabla ya Mir Sadiq, tazama mto. Ngome iko kisiwani, Kaveri imeizunguka. Mvua za mwezi wa sita zikishika, mto unafura na jeshi halivuki. Mimi nilikwenda mwezi wa tano. Nikapandisha gauni nikaingia: maji magotini, mawe yanateleza kama kambare.

Jenerali Harris, mkuu wa jeshi la Waingereza, aliijua kalenda hiyo, na chakula cha jeshi lake kilikuwa kinakwisha. Mizinga ikatoboa ukuta upande wa kaskazini-magharibi, na tarehe 4 Mei 1799, yapata saa saba mchana, jua la utosi, ofisa wake David Baird akavusha askari zaidi ya 4,000. Baird huyo aliwahi kufungwa minyororo mjini humohumo karibu miaka minne. Huyo wa kuambiwa twende mara mbili?

Tipu alikuwa kwenye chakula cha mchana. Akanawa, akaenda ukutani mwenyewe. Maiti yake waliipata usiku, langoni, chini ya rundo la wenzake.

Tena alishakonda zamani. Mwaka 1792 Waingereza na washirika wao walimnyang'anya nusu ya nchi, wakamtoza rupia zaidi ya milioni 30 na kuchukua wanawe wawili rehani. Safari hii pia Nizamu, mtawala wa Hyderabad, alikuwa upande wa Waingereza. Usaliti siukatai, ila Mir Sadiq hakuyakausha maji ya Kaveri.

Mla Ndimu: Bi Msafiri, hapo kwenye mto umenikamata. Kaburi uliliona?

Bi Msafiri: Nililiona. Kalazwa kando ya baba yake, Hyder Ali, aliye katikati, na mama yake yuko upande wa pili, kuta za ndani zimechorwa mistari ya simbamarara. Nilikaa kule muda mrefu kuliko ngomeni, maana ngome yenyewe reli imeipasua. Mwaka 2017 walilisogeza ghala zima la silaha zake kupisha njia ya pili ya treni!

Mwana wa Matrah: Sisi wa Maskati tunamjua kwa biashara. Alikuwa na nyumba yake huku, akileta msandali, pilipili manga na mchele.

Kijana wa Ngamiani: Ahsanteni. Nimemsomea babu. Kanyamaza, kisha kauliza: "Huyo bibi alipima mto kwa goti la nani?"