Magofu ya Wareno Malindi, kuna cha kuwaonyesha watoto?

Bi Mwalimu (Lamu): Assalaam aleykum. Nataka kuja na watoto wa darasa la saba waone mji wa Wareno. Magofu ya Gedi walishafika. Je, kuna magofu ya maana, au ni ile nguzo tu ya kwenye postikadi?

Mtoto wa Shela: Waaleykum salaam, mwalimu. Mji usiutarajie. Wareno walikaa hapa miaka karibu mia, kisha 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, makao yakahamia Mombasa. Walichotuachia ni nguzo na kanisa. Kanisa lenyewe chumba kimoja, paa la makuti. Darasa zima mtabanana. Padre Francis Xavier, mmisionari Mkatoliki, alipita Malindi 1542 akienda India, wakamzika hapa mwenzao aliyefia safarini. Dakika kumi zinatosha.

Nguzo ndiyo ya kukaa nayo. Tukicheza kibe pale utotoni, nikidhani yote ni ya Vasco da Gama. Kumbe chake ni msalaba wa juu tu, jiwe lililotoka Lisbon. Mnara mweupe unaoubeba ni mawe ya huku huku na chokaa, ulijengwa baadaye kuukinga. Waambie watoto wainame wapapase mwamba wa chini, vitundu vitupu, ni matumbawe, kisha wautazame msalaba. Bamvua likijaa, ukingoni washikane mikono.

Mje Aprili. Ndipo Vasco alipofika, 1498, na tarehe 24 akang'oa nanga na kusi ikianza.

Bi Mwalimu (Lamu): Aprili tumefunga shule, ami!

Mtoto wa Shela: Lo! Basi Juni. Kusi bado itawapeperusha kofia.

Kijana wa Mambrui: Mimi nilipokwenda, tuliambiwa rubani wa Vasco ni Ibn Majid, yule baharia mashuhuri wa Kiarabu. Mjomba wangu, aliyekula chumvi baharini, alinuna njia nzima. Wanahistoria wengi wameshalikataa hilo. Wanavyoandika Wareno, mfalme wa Malindi alimpa Vasco rubani Mwislamu wa Gujarati, wakamwita Malemo Cana. Hilo "malemo" ni mwalimu, ndivyo aitwavyo anayeongoza njia chomboni.

Bi Mwalimu (Lamu): Kwa hiyo mwenzangu! Hilo nitawaambia pale pale mwambani, si darasani. Na makuti ya kanisa, mvua ya Juni yanavuja?