Walimu wawili, darasa moja la Hisabati: mnagawanaje kazi?

Ticha wa Busokelo

Habari za jioni walimu wenzangu. Niko shule ya msingi huku Busokelo, Mbeya, nafundisha Hisabati Darasa la Tano. Mvua zimepasua ukuta wa chumba kimoja, kwa hiyo Mwalimu Mkuu ameunganisha mkondo A na B mpaka kikarabatiwe. Watoto zaidi ya mia wako kwenye chumba kimoja, wanne wanne kwenye dawati, na sisi walimu wawili wa Hisabati tumeambiwa tufundishe pamoja.

Mwenzangu ni dada wa ajira mpya, mchapakazi kweli. Tulianza kwa kupeana siku, leo mimi, kesho yeye. Asiye na zamu anakaa nyuma, anasahihisha madaftari na kutuliza kelele. Baada ya muda nimeona kwamba hatufundishi pamoja, tunapokezana tu. Mimi nilifundisha kujumlisha sehemu zenye asili (namba ya chini) tofauti kwa kutafuta KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Kesho yake yeye akafundisha kuzidisha asili kwa asili. Njia zote mbili ni sahihi, lakini mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, tufuate ya kwako au ya madam?" Sikupenda swali hilo liulizwe mbele yake, maana nilimwona dada wa watu ameinamisha kichwa.

Naombeni uzoefu. Nyinyi mliowahi kufundisha wawili ndani ya chumba kimoja, mlikuwa mnafanyaje hasa? Sihitaji nadharia ya chuoni, nataka kujua huyu anasimama wapi na yule anafanya nini.

Mlezi wa Ilula

Kamwene. Mimi ningeanza na Mwalimu Mkuu. Mwombeni awapange kwa awamu, A asubuhi, B mchana, mpaka chumba kipone. Watoto zaidi ya mia ni wengi mno hata mkiwa walimu watatu. Huo ushirikiano tusije tukautumia kuficha uhaba wa madarasa.

Mwalimu wa Makete

Shikamooni mnaostahili. Namuunga mkono wa Ilula kuhusu awamu, ila najua shule nyingi za huku watoto wanatembea mbali milimani, na mtoto wa mchana anafika nyumbani giza limeingia. Kwa hiyo nitajibu kama mtu ambaye chumba ni hicho hicho kimoja.

Ticha, swali la yule mtoto lilizaliwa kabla hamjaingia darasani. Mlikuwa na maandalio mawili ya somo moja. Kaeni pamoja muandike andalio moja, na humo mkubaliane njia ipi inatangulia. Kwa Darasa la Tano mimi ningeanza na KDS, maana mtoto akizidisha asili kwa asili kwenye 1/6 na 1/8 anapata 48 na namba zinakuwa kubwa bila sababu wakati 24 ingetosha. Ya mwenzako ije baadaye, na aifundishe yeye mwenyewe, akisema waziwazi kwamba jibu litakuwa lile lile. Hapo mtoto hachagui mwalimu, anachagua njia.

Sasa huyo wa pili. Kumweka nyuma asahihishe madaftari ni kupoteza mwalimu mzima. Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Sisi hapa, mmoja akiwa ubaoni, mwingine anapita kati ya madawati na kijidaftari, anaandika watoto wanafikiri nini, hasa wanapokosea. Siku moja mwenzangu alikuta safu nzima imeandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Mimi ubaoni nisingeona, kwa sababu waliokuwa wananyoosha mikono ni wale wanaojua. Akaniita pembeni, tukasimamisha somo, akachukua chaki yeye. Akawauliza: una nusu debe ya viazi, mama anakuongezea theluthi ya debe. Viazi vimeongezeka au vimepungua? Vimeongezeka. Haya, 2/5 ni kubwa kuliko nusu au ni ndogo? Watoto wa huku debe la viazi wanalijua kuliko tunavyolijua sisi. Wakaona wenyewe kwamba wameongeza viazi vikapungua. Baada ya hapo 5/6 haikuhitaji maneno mengi. Mimi peke yangu ningeendelea na mfano uliofuata, na kosa lile ningelikuta kwenye mtihani.

Kuhusu kusimama wapi: msijaribu kufundisha wote wawili kwa sauti, kila mmoja na nusu yake ya chumba. Tulijaribu, kelele ikatushinda, na kuwatoa nje msimu wa baridi na ukungu hapa Makete haiwezekani. Kinachotufaa ni kipindi pacha cha dakika 80. Nusu ya kwanza, kundi la dirishani linafundishwa, kundi la ukutani linafanya zoezi kimya na mwalimu wa pili yuko nalo. Kisha wanabadilishana kazi, na walimu nao wanabadilishana makundi, ili kila mtoto apitie mikononi mwa wote wawili. Msigawe makundi kwa wanaojua na wasiojua. Watoto wanalijua hilo siku ya kwanza tu, na linawaumiza.

Sikuyabuni haya. Mwaka 1995 Wamarekani wawili, Lynne Cook na Marilyn Friend, waliandika juu ya namna ambazo walimu wawili wanaweza kugawana darasa, na hiyo ya makundi kubadilishana ni mojawapo. Ile ya mmoja kufundisha na mwingine kusaidia tu nayo imo, lakini ikiwa ya kila siku yule msaidizi anazoeleka kuwa msaidizi.

Dada wa Kitengo, Iringa

Hilo la mwisho naomba nilikazie, maana ndilo ninaloishi nalo. Nafundisha wanafunzi wasioona ndani ya shule ya kawaida. Huko Marekani, kufundisha wawili kulikua sana kutokana na watu kama mimi: sheria yao ya mwaka 1975 ilidai watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao kadiri inavyowezekana, na walimu wa elimu maalumu wakaanza kuingia madarasa ya kawaida.

Andalio nikilipata asubuhi ya kipindi, mtoto wangu hana zoezi, kwa sababu breili inahitaji muda kuandikwa. Na mwalimu wa ubaoni akisema "hii ukijumlisha na hii unapata hii" huku ananyoosha kidole, mtoto asiyeona amebaki nje ya somo. Niliyenaye sasa nimekaa naye, siku hizi anataja: "moja ya tatu jumlisha moja ya nne." Ameniambia hata wanaoona wanaelewa haraka zaidi.

Ticha, mpe huyo dada nafasi ya kufungua kipindi, si ya kumalizia tu. Kwenye mlango wa darasa, kama mnaandika jina la mwalimu wa somo, yaandikeni yote mawili. Na mtoto akikuuliza jambo alilofundisha yeye, mrudishe kwake: "Hilo muulize madam, yuko hapa." Mimi miaka mingi niliitwa "yule wa vipofu", na neno hilo lilibadilika pale mwenzangu alipoanza kuniachia ubao.

Ticha wa Busokelo

Ndaga fijo, asanteni sana. Nimemsomea mwenzangu majibu haya, tumeanza kuandika andalio la wiki ijayo pamoja. Yeye ndiye atafungua Jumatatu. Bado mawili: andalio likiwa moja, kwenye majalada mnawekaje? Na muda wa kukaa pamoja mnaupata wapi? Sote tuna vipindi vya madarasa mengine, na yeye anakaa mbali.

Mwalimu wa Makete

Sisi tunaandika moja, tunasaini wote wawili, mwalimu wa taaluma anasaini, kisha nakala inaingia kwenye jalada la kila mmoja. Mwalimu Mkuu mwonyesheni mapema, akiulizwa na wathibiti ubora awe anajua.

Muda tumeupata kwenye MEWAKA, yale Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Badala ya jumuiya yetu ya kujifunza kusoma moduli tu, siku nyingine tunaleta somo moja gumu la wiki inayokuja tunalipanga wote. Wajapani wamefanya hivyo kwa vizazi: walimu wanapanga somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanawatazama wanafunzi, baadaye wanakaa kulijadili. Kwenu nyinyi wawili, muombeni mwalimu wa taaluma awaachie wote kipindi kimoja kitupu kwa wakati mmoja, hata kama ni kimoja tu kwa wiki. Kwenye ratiba ya shule yenye walimu wachache si jambo dogo, lakini sisi tulipewa baada ya kumwonyesha kile kijidaftari cha makosa.

Na zoezi la kundi la pili liandikeni ubaoni kabla ya kengele. Mkianza kuliandika watoto wakiwa ndani, dakika kumi zimekwenda na kelele imeshaanza.